Boma la Warumi Vindolanda: zile nyumba za msonge zilikuwa za nani?

#1 Mlezi wa Tyne
Wakuu, salamu. Nipo kaskazini mwa Uingereza, nalea wazee kwa zamu. Juzi nilikuwa na siku ya kupumzika, nikapanda basi la AD122 (ndiyo namba yake, wamelipa jina la mwaka ulioanza kujengwa ukuta wa Kaisari Hadrian), nikashukia Vindolanda, boma la askari wa Kirumi.

Baridi ya kukata masikio. Kuta nyingi zimebaki za kufika kiunoni, nyingine gotini. Unaona malango, nyumba ya mkuu wa kikosi, maghala ya nafaka, choo cha pamoja, na nje ya lango mtaa mzima wa raia na bafu lao. Nikasema sawa, kambi ni kambi.

Kilichonichanganya ni misingi ya duara. Msonge kabisa, kama nyumba za Wahaya wa zamani, zimepangwa kwa safu, zimepeana migongo. Ni za kama mwaka 208 hadi 211, wakati Kaisari Septimius Severus alipokuja mwenyewe kupigana na makabila ya kaskazini. Sasa Mrumi hajengi duara kambini. Popote alipotia mguu alichora mstatili. Iweje jeshi livunje boma lake, lipange juu yake nyumba za kienyeji, halafu baada ya miaka michache lizifute na kujenga boma jingine la mawe?

Mimi nasema ilikuwa jela ya mateka. Nipingeni.

#2 Kijiwe Kahawa
Nimevuta kigoda. Ila tuanze na mambo madogo. Ukuta ni wa 122, boma lipo pembeni ya ukuta, kwa hiyo boma kalijenga Hadrian. Huyo Severus katokea wapi?

#3 Mwalimu wa Zamu
Hapana mkuu. Boma la kwanza pale ni la kama mwaka 85, Hadrian ana miaka tisa bado anafundishwa kusoma. Lilikuwa la mbao, kando ya barabara ya Stanegate iliyounganisha Corbridge na Carlisle. Ukuta umelikuta, tena wenyewe umepita kaskazini yake, mwendo wa kilomita moja na nusu hivi.

Mbao zilioza, vikosi vilihama, kila aliyekuja alibomoa na kujenga upya. Wanahesabu maboma tisa, moja juu ya jingine. Na hapo ndipo pana utamu: waliobomoa walifunika mabaki kwa udongo wa mfinyanzi na mabonge ya nyasi. Hewa ikakosa pa kupita, vitu vikakaa bila kuoza.

La pili, msidhani waliokaa mle walitoka Roma. Kikosi cha mwanzo kilikuwa cha Watungri, kutoka Ubelgiji ya leo. Wakaja Wabatavi, kutoka upande wa Uholanzi. Karne ya tatu wakakaa Wagauli, Kikosi cha Nne.

#4 Kijiwe Kahawa
Nimenyooka mwalimu. Kumbe Mrumi analindiwa na Mbelgiji.

#5 Mmatumbi wa Kilwa
#4 ajabu iko wapi? Wissmann alipokuja kuvunja vita vya Abushiri mwaka 1889 askari wake wengi walikuwa Wasudani walioandikishwa Misri, na wengine wakatoka Msumbiji. Wajerumani walikuwa maofisa. Mtawala hapendi kumweka mtu alinde kwao, siku ya siku atageuza bunduki.

Ndiyo maana sikubali jela. Mateka unamtia ndani ya uzio, humpangii mtaa. Wale walikuwa manamba. Severus ana jeshi zito linaelekea kaskazini, linataka barabara, linataka nafaka, linataka ukuta ukarabatiwe. Unakamata watu, unawaacha wajenge namna wanavyojua, wewe unapanga safu tu ili asubuhi uwahesabu.

#6 Sajini Mstaafu
Kuhesabu umegusa penyewe. Kwa wasiojua, pale zimechimbuliwa nyaraka za kikosi, na moja ni taarifa ya nguvu ya Kikosi cha Kwanza cha Watungri, ya tarehe 18 Mei. Mimi niliandika taarifa za namna hiyo miaka ishirini na kitu, kwa hiyo nilipoisoma nilicheka peke yangu.

Jumla watu 752, wakiwemo maakida 6. Wasiokuwepo 456. Kati yao 337 wapo Coria, ndiyo Corbridge, 46 ni walinzi wa mkubwa, akida mmoja yuko London. Waliobaki kambini 296, na akida mmoja tu. Toa wagonjwa 15, majeruhi 6, wanaoumwa macho 10. Wazima wa kazi 265.

Pigeni hesabu, inafunga. Boma lina jina la askari 752, adui akija anakuta 265. Wakubwa wanajua, karani anajua, adui ndiye hajui.

Kuhusu msonge: safu ni kazi ya jeshi, hilo halina ubishi. Aliyelala ndani ndiye hatumjui.

#7 Mwana Kibokoni
Kumbe macho mekundu ni ya zamani hivyo! Sajini, huyo akida aliyeko London alienda kufanya nini?

#8 Sajini Mstaafu
#7 kila kikosi kina mmoja. Usiulize.

#9 Mtu Kwao
Akida? Si wale wa Mjerumani waliokuwa wanakusanya kodi ya kichwa?

#10 Mwalimu wa Zamu
Neno ni lilelile. Waliotafsiri Biblia walipofika kwa ofisa wa Kirumi mwenye watu kama mia hivi waliandika akida. Kornelio wa Matendo ya Mitume ni akida.

#11 Kijiwe Kahawa
Swali kwa Sajini. Hizo nyaraka ziliandikwa kwenye vigae vya udongo kama vya Babeli, siyo? Karatasi isingedumu miaka 1,900.

#12 Mlezi wa Tyne
Si udongo, ni mbao. Vibao vyembamba vya miti ya hukohuko, unene milimita moja mpaka tatu, ukubwa wa kadi ya posta. Wanaandika kwa wino wa masizi, wanakunja katikati, wanaandika anwani nje.

Aliyeviona kwanza ni Robin Birley, Machi 1973, akichimba mtaro. Akaokota vijisehemu viwili vya mbao vimegandana, akavibandua, ndani akakuta maandishi. Baadaye wino ukafifia hadi hauonekani kwa macho, ikabidi wapige picha kwa miale ya infraredi ndipo herufi zikarudi. Vingi sasa viko British Museum, London, vichache vimerudishwa kuonyeshwa palepale Vindolanda. Nilivyoviona kwenye kabati nilidhani ni vipande vya kasha la matunda.

#13 Bi Hadhara
Nyie mnahesabu askari, mnapita na mwaliko. Claudia Severa, mke wa mkuu wa boma jingine, anamwandikia Sulpicia Lepidina, mke wa Flavius Cerialis, mkuu wa Wabatavi pale Vindolanda. Ni karibu mwaka 100. Tarehe 11 Septemba ni siku yake ya kuzaliwa, anamwomba aje, akija siku itanoga zaidi. Barua yenyewe kaandika karani kwa mwandiko wa kujipinda vizuri. Halafu chini, pembeni, mwandiko mwingine mbovumbovu, mwenyewe Severa kashika kalamu: nakutazamia dada, kaa salama dada yangu, roho yangu, kipenzi.

Ni kati ya maandishi ya zamani kabisa ya Kilatini tunayojua yameandikwa kwa mkono wa mwanamke. Na ni ya mwanamke aliyeboreka kwenye kambi ya wanaume katikati ya ukungu, anamtaka shoga yake. Mimi mume wangu alikuwa kambi moja ya mpakani huko nyuma, kwa hiyo naielewa hiyo barua neno kwa neno. Keki ilikuwa ya ndizi na kuni zilikuwa mbichi, lakini mke wa afande mwenzangu alikuja, saa tatu ndani ya lori la mahindi.

#14 Mwana Kibokoni
Bi Hadhara weka na picha ya keki.

#15 Bi Hadhara
#14 ililiwa.

#16 Kobazi Mbili
Mimi ni fundi viatu, niko Moshi. Mleta mada, umeviona viatu? Nasikia ni zaidi ya 5,000.

#17 Mlezi wa Tyne
Ukuta mzima. Vya askari vyenye misumari ya soli, vya wanawake, kandambili za mbao za kuvaa bafuni kwa sababu sakafu ilikuwa inapashwa moto kwa chini. Na vya watoto. Kimoja kidogo kama kiganja changu, ngozi imetobolewatobolewa nakshi juu, na chini kimepigwa misumari kama cha baba yake. Nilisimama pale mpaka mlinzi akanisogelea.

#18 Kobazi Mbili
Misumari kwa mtoto anayejifunza kutembea, hiyo ni fahari ya baba tu, haina kazi nyingine. Ila kilichonigusa ni ngozi. Ngozi mbichi isingekaa hata miaka kumi kwenye tope. Warumi waliloweka ngozi kwenye maji ya magome ya miti miezi mingi mpaka dawa iingie ndani, kama wazee wa pwani walivyotumia magome ya mkoko. Ngozi ya hivyo ukiifukia penye maji na bila hewa, unaikuta.

Na sikieni: wanaume wa Kirumi kambini hawakuruhusiwa kuoa mpaka wamalize utumishi. Viatu vya watoto vimekutwa hata ndani ya mabweni ya askari. Wa kumwambia karani asiandike alikuwepo, wa kuwavua watoto viatu hakuwepo.

#19 Mwalimu wa Zamu
Fundi yuko sawa, nyongeza kidogo tu: mkuu wa kikosi yeye aliruhusiwa kuishi na mke na watoto, ndiyo maana akina Lepidina wapo. Marufuku ilikuwa kwa askari wa kawaida, na anayesemwa kuilegeza ni huyohuyo Severus wa misonge.

#20 Mtu Kwao
Turudi kwa Severus maana mnamzunguka. Severus ni Mwafrika. Kazaliwa Leptis Magna mwaka 145. Kafia York, iliyoitwa Eboracum, tarehe 4 Februari 211. Kaisari Mwafrika anakuja na jeshi lake, nyumba za msonge zinatokea. Afrika nyumba za duara tunazo. Jamani kuna haja ya profesa hapo? Hao walikuwa askari wetu.

#21 Kijiwe Kahawa
Nilikuwa nangoja post hii. Mmechelewa, nilitegemea #4.

#22 Mwalimu wa Zamu
#20 nusu ya kweli ni hatari kuliko uongo. Leptis Magna ipo Libya, mji wa mawe na nguzo, wenyeji wake wenye asili ya Kifoinike. Severus angeona msonge angeuliza ni kitu gani. Na nyumba za duara ndizo walizojenga Wabritoni wenyewe, karne nyingi kabla Mrumi hajavuka maji. Zipo kila mahali huko kaskazini. Huhitaji meli kutoka Afrika kuzieleza.

Lakini Waafrika kwenye ukuta walikuwepo, hilo silipingi. Kuna jiwe limeokotwa Beaumont, karibu na boma la Aballava upande wa magharibi, linataja kikosi cha Wamauri, ndio watu wa Morocco na Algeria ya leo. Ni la miaka ya 253 hadi 258, yaani miaka arobaini na zaidi baada ya msonge. Na Lollius Urbicus, gavana aliyesimamia ukuta wa pili kule Scotland, ule wa Antoninus, kwao ni karibu na Cirta, Algeria.

#23 Mlezi wa Tyne
Wa kwangu ni Victor. Jiwe la kaburi lake lipo Arbeia, South Shields, kwa treni si mbali na ninapokaa. Limeandikwa Victor, kabila Mmauri, miaka 20, mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, askari wa farasi wa kikosi cha Waasturi. Kachongwa amejiegemeza kitandani, kijana mdogo anampa kikombe. Maandishi yanasema Numerianus alimsindikiza kwa upendo mkubwa.

Nimeenda mara tatu. Miaka ishirini, baridi hii. Sina la kuongeza.

#24 Mtu Kwao
Sawa, nimekubali kuhusu Libya. Ila mwalimu hajathibitisha kuwa Wamauri hawakupita Vindolanda mwaka 208.

#25 Mwalimu wa Zamu
Sijathibitisha pia kuwa Wahaya hawakupita.

#26 Mwana Kibokoni
😂😂 Mtu Kwao, funga virago.

Mie nina wazo jingine. Mwajua vita vikipita kijiji, wanaoumia kwanza ni wale waliokuwa wakifanya biashara na dola. Kaskazini ya ukuta kulikuwa na wakulima walioiuzia Roma ng'ombe na nafaka. Severus akiingia vitani, hao wabaki wapi? Jirani zao wawaita wasaliti. Basi wavuka ukuta na watoto, jeshi lawaweka penye nafasi, boma la zamani lishavunjwa, wajenge nyumba wazijuazo. Wakimbizi. Na nasikia hata Andrew Birley, mtoto wa yule aliyeokota vibao, ameliweka mezani wazo la watu wa kaskazini waliokuwa upande wa Roma.

#27 Mmatumbi wa Kilwa
Mkimbizi wa mwaka 208 kulishwa na Severus? Yule aliyewaambia wanawe wawatajirishe askari na wengine wote wawapuuze? Jeshi likikupa nyumba limekuja kuchukua mikono yako.

#28 Mwana Kibokoni
Mkimbizi na kibarua waweza kuwa mtu mmoja, bwana. Nenda kambi yoyote uone.

#29 Sajini Mstaafu
Hoja ya #28 ina uzito. Swali langu ni mlango. Mateka unamwelekezea mlango wa nyumba kwa mlinzi. Raia anauelekeza anakotaka yeye, penye jua au mbali na upepo. Mleta mada, milango ilitazama wapi?

#30 Mlezi wa Tyne
Sikuangalia, afande. Mvua ilikuwa inakuja kwa ubavu.

#31 Sajini Mstaafu
Rudi.

#32 Bi Hadhara
Mnasahau Warumi wenyewe waliwaonaje wenyeji. Kuna kibao kinasema Wabritoni hawana deraya, wana wapanda farasi wengi, wapanda farasi wao hawatumii panga, na hao *Brittunculi* hawapandi farasi ili kurusha mikuki. Sasa hilo neno. Si Wabritoni. Ni kama sisi tunavyochukua mtu tukamfanya kijitu. Vijibritoni.

#33 Kobazi Mbili
Kwetu mteja akinunua kiatu kimoja kwa mwaka tunamwita kijibosi. Wala si tusi sana.

#34 Mwalimu wa Zamu
Hata wataalamu wamevutana. Wengine wanaona ni dharau ya askari kwa adui, wengine wanasema ni maelezo ya vijana wa kienyeji waliokuwa wanaandikishwa jeshini na mwandishi kakereka kwamba hawajaiva. Kibao kimekatika, mwanzo hatuna.

#35 Mmatumbi wa Kilwa
Yote mawili yananifaa. Ukimwita mtu kijitu, humjengei hifadhi ya wakimbizi.

#36 Kijiwe Kahawa
Mmechosha na vibao vya heshima. Mwaka 2022 mtu wa kujitolea kachimbua jiwe limechorwa uume mkubwa, juu yake pameandikwa kuwa Secundinus ni mnyaji. Mtu kakaa na patasi, kachonga herufi moja moja kwenye jiwe gumu, saa nzima au zaidi, ili amtukane mwenzake. Hicho ndicho ningesafiri kuona.

#37 Bi Hadhara
Uzi ulikuwa unaenda vizuri.

#38 Sajini Mstaafu
Secundinus atakuwa alikuwa mwandishi wa orodha ya zamu. Hao ndio wanaoandikwa ukutani.

#39 Mtu Kwao
Hivi baada ya Warumi kuondoka 410 pale palikufa?

#40 Mwalimu wa Zamu
Hapakufa. Watu waliendelea kuishi ndani ya boma. Pameonekana jengo linaloelekea kuwa kanisa, na vipande vya kikombe cha risasi kilichochorwa alama za Kikristo, misalaba na samaki miongoni mwao. Kuna na jiwe la kaburi lenye jina Brigomaglos, si jina la Kirumi hilo. Na jina Vindolanda lenyewe ni la Kikelti, maana yake kama uwanja mweupe au mbuga ing'aayo. Tunalijua kwa hakika kwa sababu mwaka 1914 iliokotwa madhabahu ambayo wakazi wa mtaa wa nje waliiweka kwa mungu Vulcan, wakajitaja: sisi wanakijiji wa Vindolanda.

#41 Mwana Kibokoni
Hao wa mtaa wa nje ndio naotaka kuwasikia. Mwenye duka hajulikani, Kaisari ajulikana mpaka tarehe ya kufa.

#42 Mwalimu wa Zamu
#41 wapo kidogo. Atrectus, mpika bia, katajwa kwenye hesabu za madeni. Octavius, mfanyabiashara wa nafaka na ngozi, anamlilia Candidus ampelekee fedha, kama dinari 500, vinginevyo atapoteza arbuni aliyokwisha kutoa. Ngozi zake ziko sehemu, anasema angeshazifuata ila hakutaka kuwachosha wanyama kwa kuwa barabara ni mbovu. Na kuna mmoja jina lake limepotea, anajitaja mtu wa ng'ambo, kapigwa fimbo na hana kosa, anaandika malalamiko kwa mkubwa.

#43 Kobazi Mbili
Barabara mbovu, ngozi zimekwama, hela ya arbuni inaenda. Huyo Octavius nampa namba yangu.

#44 Mlezi wa Tyne
Wakuu, nimerudi kutoka zamu ya usiku. Alhamisi nina nafasi. Sajini nitaangalia milango, Mmatumbi nitauliza kama kuna dalili ya uzio. Bi Hadhara, kuna kitu nikutazamie?

#45 Bi Hadhara
Tazama kama nyumba ya Lepidina ilikuwa na dirisha.

#46 Sokwe Mtu
Nimesoma uzi wote kuanzia mwanzo, nimefika nimechoka. Kuna kibao cha askari Masclus aliyemwandikia Cerialis, kamwita mfalme wake kabisa, anaomba maagizo ya kesho, warudi wote au nusu, na chini kabisa anakumbushia: wenzangu hawana bia, naomba uamuru iletwe. Ilipelekwa?